Valvu za Mwalimu Hezekia

Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu Hezekia Mwakyoma aliwafundisha watoto wa Ngana namna injini inavyofanya kazi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufungua injini hata moja. Hakuona sababu. Injini yake ilikuwa ubaoni: mstatili mrefu ndio silinda, mraba ndani yake ndio pistoni, na juu, kushoto na kulia, valvu mbili zilizosimama kama uyoga. Aliichora kwa chaki za rangi tatu, bila rula, na wakaguzi waliotoka wilayani walikaa nyuma ya darasa wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Akinyoosha fimbo kwenye uyoga wa kushoto, darasa zima liliitikia, "Valvu ya kuingizia!" Akiihamishia kulia, "Valvu ya kutolea!" Mpaka leo ukimshtua mtu mzima yeyote wa kijiji kile akiwa anaanika kakao, neno la kwanza litakalomtoka linaweza kuwa hilo.

Siku aliyostaafu walimu wenzake walimpa kiti cha kunesanesa na hotuba nne. Hotuba alizifurahia. Kiti ndicho kilichomponza, kwa sababu ilibidi kifike nyumbani, na chombo pekee kilichopatikana kilikuwa bodaboda. Mwalimu akapita katikati ya kijiji amekaa nyuma ya dereva aliyemfundisha kusoma, kiti kimepinduliwa kichwani mwake, miguu ya kiti ikitazama mbinguni. Watu walisimama kwa heshima wakamwamkia. Hakuna aliyecheka, au tuseme hakuna aliyecheka kabla hajapita.

Alipoteremka aliingia moja kwa moja kwenye banda la nyuma, akafukuza kuku wawili, akaondoa magunia. Chini yake kulikuwa na vespa ya rangi ya maziwa aliyoinunua ujanani kwa mchungaji mmoja aliyekuwa anahama. Ilizima njiani, karibu na Ipinda, mwaka aliozaliwa binti yao Nancy, na haikuwaka tena. Nancy sasa ana watoto watatu.

"Naifufua," alimwambia mkewe. "Injini yote. Hapahapa nyumbani, kwa mikono yangu."

Mkewe, Atupele, alikuwa Mkisi wa Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, binti wa mfinyanzi, mwanamke wa maneno machache ambayo hayakuwa yakipotea bure.

"Mwite Gwamaka," alisema.

Gwamaka alikuwa fundi pikipiki mjini Kyela. Alisoma kwa Mwalimu.

"Gwamaka alipata nane kwa hamsini mtihani wa sayansi."

"Lakini pikipiki zinaingia kwake zikisukumwa na zinatoka zikitembea."

"Zinatembea kwa kubahatisha," alisema Mwalimu, akaenda kutafuta spana.

Mvua za Kyela zilikuwa zimeanza, zile zinazonyesha kana kwamba mtu kasahau kufunga bomba, na banda lilivuja. Kwa hiyo injini ikaingia sebuleni na kulazwa juu ya meza ya chakula. Mwalimu alivaa koti lake la kaki la shuleni, akaweka kalamu nyekundu mfukoni. Kila kipande alichokitoa alikifunga karatasi yenye jina kwa herufi kubwa: KABURETA. PLAGI. SUMAKU. Vipande ambavyo hakuvijua aliviandika KIFAA NA. 1, KIFAA NA. 2, na kuendelea mpaka KIFAA NA. 19.

Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda kwa kutu. Alizitumbukiza zote mbili kwenye chungu kilichojaa mafuta ya taa. Kilikuwa chungu cha Atupele cha kupikia kande, alichofinyangiwa na mama yake mzazi. Atupele alipokikuta jikoni aliinama akakinusa.

"Hiki kilinilea watoto," alisema.

"Sasa kinalea sayansi," alijibu Mwalimu.

Siku ya nne pistoni ililegea. Mwalimu akaigonga na kipande cha mti, ikachomoka, naye akapiga kelele ya furaha iliyowaleta majirani wawili. Akapangusa kila kitu, akafungua daftari lake la mchoro, akaanza kuhakiki vipande kama anayeita rejesta. Silinda, ipo. Pistoni, ipo. Kifuniko cha silinda, kipo. Valvu ya kuingizia.

Hakuna aliyeitika.

Alitafuta chini ya meza. Alipapasa ndani ya chungu cha mafuta ya taa mpaka kwenye viwiko. Alikichungulia kifuniko cha silinda, ambacho kilikuwa laini kabisa, hakina tundu lolote isipokuwa la plagi. Kwenye ukuta wa silinda aliona matundu kadhaa makubwa, akasikitika, akayafunga karatasi iliyoandikwa KUTU IMETOBOA, YAZIBWE KWA KUCHOMELEA.

"Mama Nancy, kuna valvu mbili hapa. Hujaziona?"

"Zikoje?"

Akamchorea. Atupele akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hiki nimekiona."

"Wapi?"

"Ubaoni kwako."

Mwalimu hakucheka. Injini iliyoingia sebuleni bila valvu ilikuwa imeibiwa, hakuna maelezo mengine. Hakuna injini isiyo na valvu, kama ambavyo hakuna mtu asiye na pua. Akaanza kukumbuka nani aliyepita nyumbani. Na ndipo akamkumbuka Ebeneza.

Ebeneza alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kijana wa makamo kutoka upande wa Itungi aliyezunguka vijijini na baiskeli, mizani ya kuning'iniza na kipaza sauti kidogo. Jumatano alisimama pale, akanunua kwa Atupele jembe lililokufa na sufuria iliyotoboka. Jumatano hiyohiyo Mwalimu alikuwa amekwenda kanisani kwenye kikao.

Mtendaji wa kijiji, Dickson, aliposikia kwamba Mwalimu Hezekia ameibiwa, alisimama na kufunga vifungo vya koti. Yeye pia aliitikia valvu utotoni. Siku iliyofuata Ebeneza alikamatwa na mgambo akiwa anapima bati.

"Valvu ziko wapi?" Dickson aliuliza.

"Mheshimiwa, mimi vyuma nanunua kwa kilo. Majina yake siyajui."

"Kwa hiyo inawezekana umezinunua bila kujua."

Ebeneza alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu na swali lilimtatiza. "Kwa kutojua," alisema, "chochote kinawezekana."

Hayo yakaandikwa kuwa ni kukiri. Baiskeli na mizani vikabaki ofisini kama vidhibiti, naye akaambiwa aende nyumbani kwa miguu akazikumbuke valvu vizuri.

Kisha ikaundwa Kamati ya Kufuatilia Valvu, watu saba, chini ya Mzee Yakobo, mzee wa kanisa ambaye hajawahi kukataa uenyekiti wa kitu chochote. Kikao cha kwanza kilimchagua katibu. Kikao cha pili kilisoma yaliyoandikwa na katibu katika kikao cha kwanza. Kikao cha tatu kilimchagua mweka hazina, ingawa hazina haikuwepo. Baada ya hapo kamati ikapita nyumba kwa nyumba, na kwa kweli ilipata vitu vingi: maikrofoni ya kwaya iliyopotea tangu Pasaka, mabakuli ya harusi ya watu, na valvu zisizopungua kumi na moja za matairi ya baiskeli. Kila jioni wajumbe walimletea Mwalimu walichopata akitambue, na kila jioni alitikisa kichwa kwa huzuni, na sifa yake ikazidi kukua, maana watu walianza kuamini kwamba kitu kinachotafutwa namna hii lazima kiwe cha thamani kubwa.

Wiki ya tatu Mwalimu alichoka kungoja. Alipanda gari kwenda Kyela mjini kununua valvu nyingine, na kwa kuwa maduka mawili ya spea yalimwambia hayana, la tatu lilikuwa kwa Gwamaka.

Gwamaka alitoka chini ya pikipiki, akafuta mikono kwa tambara, akainama. "Shikamoo, Mwalimu. Karibu, karibu ukae." Akampa stuli yake mwenyewe.

"Marahaba. Natafuta valvu mbili."

"Za mashine gani, Mwalimu?"

"Ya vespa. Ile yangu."

Gwamaka aliitazama spana iliyokuwa mkononi mwake, akaigeuza upande wa pili, akaitazama tena.

"Mwalimu umeshakunywa chai?"

Chai ililetwa, na chapati. Mwalimu alikula. Gwamaka akaingia ndani, akarudi na silinda ndogo ya msumeno wa kuangushia miti. Akaiweka juu ya goti la Mwalimu, taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga.

"Hii ni ya kuchanganya oili na petroli," alisema kwa sauti ya chini, ili wateja wasisikie. "Haina valvu. Ona matundu haya ya ukutani. Pistoni yenyewe ikipanda inaziba hapa, ikishuka inafungua hapa. Mafuta yanaingia huku, moshi unatoka kule. Vespa yako ni hivyohivyo, Mwalimu. Hazikuwahi kuwemo."

Mwalimu alitia kidole kwenye tundu. Lilikuwa na kingo safi, zilizokatwa kwa makusudi. Akakumbuka karatasi yake ya KUTU IMETOBOA, akakichomoa kidole.

Kisha akakumbuka jambo jingine. Darasa la saba, dawati la dirishani, kijana mwembamba kutoka Matema anayeishi kwa shangazi. Alinyoosha kidole akasema mashine ya boti ya mjomba wake haina valvu, wameifungua akaona. Darasa lilicheka. Mwalimu aliandika kwenye daftari la kijana huyo kwa kalamu nyekundu *Acha uongo*, akamchapa viboko vinne, kimoja kwa kila mwendo wa pistoni, ili asisahau.

"Gwamaka," alisema. "Ni wewe uliyesema habari ya ile boti."

"Boti gani, Mwalimu?"

"Ya mjomba wako."

Gwamaka alichuchumaa akaanza kukaza nati ambayo tayari ilikuwa imekaza. "Kunywa chai, Mwalimu. Itapoa."

Angalau angelalamika. Mwalimu alijiandaa kujibu lawama, na lawama hazikuja. Akabaki na majibu yake kifuani kama mtu aliyevaa suti kwa sherehe iliyoahirishwa.

Akiwa garini kurudi Ngana, alipanga mambo. Angeweza kusema valvu zimepatikana nyuma ya gunia la mpunga. Angeweza kununua mbili za lori, azipake mafuta, azionyeshe. Hakuna ambaye angejua isipokuwa Gwamaka, na Gwamaka ni mtu wa kunywesha watu chai. Alipoteremka alikuwa na hadithi nzima, ina mwanzo na mwisho. Lakini nyumbani alimkuta Dickson na kamati nzima barazani, wamevaa vizuri.

"Mwalimu!" Dickson alisema huku akimpa mkono kwa mikono miwili. "Zimepatikana!"

Mzee Yakobo akafungua leso. Ndani mlikuwa na valvu mbili za kweli, ndefu, zenye vichwa vya uyoga, za gari kubwa. Kamati ilikuwa imesafiri mpaka kwa Ebeneza, ikafungua mafungu yake ya vyuma, ikazikuta. Kesho asubuhi ungefanyika mkutano wa hadhara, Mwalimu azitambue mbele ya wananchi, kisha Ebeneza apelekwe polisi.

Mwalimu alisema asante. Ndilo neno pekee lililopatikana. Walipoondoka alimsimulia Atupele kila kitu, hata viboko.

"Nitawaambia zimefanana lakini sizo," alimalizia. "Namwokoa yule kijana, na hakuna anayeaibika."

Atupele alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Halafu waendelee kutafuta," alisema. "Wakimaliza kwa Ebeneza waende kwa nani?"

Mwalimu hakula wali wake.

Asubuhi uwanja wa shule ulijaa. Mvua ilikuwa imepumzika. Ebeneza alisimama kati ya mgambo wawili, kofia mkononi. Dickson alieleza historia ya tukio, Mzee Yakobo alieleza historia ya kamati, ambayo ilikuwa ndefu zaidi, kisha wakampa Mwalimu nafasi. Yeye akaomba ubao. Vijana wawili wakautoa darasani wakauegemeza kwenye mlingoti wa bendera.

Akachora. Mstatili, mraba, uyoga wa kushoto. Alipoinua fimbo kufikiri, kosa la mazoea, uwanja mzima uliitikia kwa sauti moja, akina mama na watoto mgongoni, wazee na bakora, hata mgambo:

"Valvu ya kuingizia!"

Ebeneza naye aliitikia. Kumbe alisoma darasa la sita pale kabla familia haijahamia Itungi.

Mwalimu akageuka, akafuta uyoga kwa kiganja. Mnong'ono ukapita uwanjani.

"Injini hii haina valvu," alisema. "Vespa yangu haikuwa nazo tangu ilipotoka kiwandani. Kuna injini za namna mbili, mimi niliwafundisha moja kwa sababu nilijua moja, na nayo niliijua kwa chaki. Ebeneza hakuiba kitu. Hakukuwa na kitu. Nisameheni."

Kisha Dickson akamsogelea, akamnong'oneza kwa huruma halisi, "Mwalimu, wamekuroga?"

"Hapana."

"Maana wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha."

"Niliwafundisha vibaya."

Mzee Yakobo akasimama. Alisema anamheshimu Mwalimu, lakini kamati yake imefanya vikao tisa, na kamati haiwezi kufanya vikao tisa juu ya kitu kisichokuwepo. Huko kungekuwa kuwadharau wananchi walioiteua. Isitoshe valvu zenyewe hizi hapa kwenye leso, kila mtu anaziona. Wengi wakapiga makofi. Mtu mmoja akapendekeza suala liamuliwe kwa kura, na Dickson, ambaye alipenda mambo yaende kwa utaratibu, akakubali. Wanaosema injini ina valvu, wanyooshe mikono. Mikono ikainuka kama shamba la mpunga. Wanaosema haina: Mwalimu, Atupele, na baada ya kusitasita kidogo, Ebeneza.

"Valvu zimeshinda," alitangaza mtendaji.

Hata hivyo Mwalimu aliondoa malalamiko yake, na bila mlalamikaji kesi haiendi. Katibu akaandika kwamba valvu zipo, ila mwenye mali ameamua kusamehe. Mwalimu aliingia ofisini, akaitoa baiskeli mwenyewe. Matairi yalikuwa yamekwisha upepo. Akaazima pampu, akavua koti, akajaza yote mawili mbele ya watu waliozoea kumwona akiamuru, mpaka jasho likamchuruzika kwenye miwani. Kisha akaikokota mpaka aliposimama Ebeneza.

"Nilikutia aibu bure," alisema. "Sina la kujitetea."

"Ndaga, Mwalimu," alisema Ebeneza akishukuru kwa Kinyakyusa. Akakagua breki. "Na zile valvu mbili? Zile ni zangu kweli, za lori bovu."

Dickson alisema haiwezekani. Zilikwishaandikishwa.

Wiki ile Gwamaka alikuja Ngana Jumapili baada ya ibada, akiwa na ringi mpya na beringi mfukoni. Hakuwa na haraka. Alimwachia Mwalimu afanye, yeye akisema tu "hapana" au "hapo sawa". KIFAA NA. 7 kikaitwa klachi. KIFAA NA. 12 kilikuwa klachi pia. Silinda ilikwenda Mbeya kupanuliwa kwenye mashine, ikarudi inang'aa, matundu yake yote salama. Gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzibia chini ya silinda, ilikosekana, ndipo Atupele alipochukua mkasi wake wa kushonea na jalada la rejesta ya zamani, akaikata kwa kuigandamiza karatasi na dole gumba kuzunguka ukingo, vile alivyozoea kulainisha mdomo wa chungu. Ilikaa mara ya kwanza. Gwamaka aliitazama akasema, "Mama angenifaa pale gereji," na Mwalimu, ambaye alikuwa ameharibu majalada matatu, akajifanya anatafuta spana.

Walichanganya oili na petroli. Mwalimu akapiga kiki mara ya kwanza, ya pili, ya kumi na tano. Gwamaka akainama, akafungua koki ya mafuta ambayo Mwalimu aliisahau. Kiki iliyofuata vespa ilikohoa, ikatema vumbi na unyoya mmoja wa kuku, kisha ikashika. Moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakapanda ukutani, na Mwalimu Hezekia akasimama katikati ya kelele hizo akishika usukani kwa mikono yote miwili. Alitaka kusema kitu kwa Gwamaka. Kelele ilikuwa kubwa. Akamwinamia, akampigia magoti nusu, kama Gwamaka alivyozoea kumwinamia yeye, na fundi akashtuka akamshika bega amwinue.

Mwezi uliofuata, barabara zilipokauka, alimpakia mkewe wakaenda kwao. Walipita Kyela mjini, wakapita Ipinda bila kusimama, jambo ambalo Mwalimu alilitaja mara mbili, wakafika Matema wana vumbi mpaka kwenye kope. Vespa wakaiacha kwa jamaa, wakafuata ufuko kwa miguu mpaka Lyulilo.

Ilikuwa siku ya soko. Mitumbwi ilikuwa inashusha vyungu, na kando yake wavuvi watatu walikuwa wamefungua mashine ya boti, wakiisafisha plagi. Mwalimu alisimama. Akawaamkia, akaweka mikono nyuma.

"Hiyo mashine," alianza, "watu wengi hawajui, lakini haina valvu."

Wavuvi, ambao kazi hiyo walirithishwa na baba zao, walitazamana. Mkubwa wao akajisogeza, akamfutia nafasi kwenye ukingo wa boti akae.

"Kweli, mzee?" alisema kwa adabu.

"Kabisa. Kuna matundu ukutani. Pistoni ikipanda..." Akaokota kijiti, akainama, akaanza kuchora mchangani, mstatili mrefu kwanza.

Atupele alimtazama kidogo, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kwa dada zake kuchagua chungu cha kande.